Ken Saro-Wiwa na Vuguvugu la Waogoni

Wengi waliolisikia jina la Ken Saro-Wiwa walilisikia mwezi Novemba mwaka 1995, aliponyongwa pamoja na wenzake wanane katika gereza la Port Harcourt, nchini Nijeria. Kifo hicho kilikuwa na kishindo kikubwa mno hata kikaifunika kazi iliyokitangulia, nayo ni kazi ya kuwakusanya watu wachache, waliotengana kwa lugha na kwa koo, wakawa na sauti moja ya kuisemesha serikali ya kijeshi na makampuni ya mafuta. Aliyeifanya kazi hiyo hakuwa mwanasheria wala mwanasayansi. Alikuwa mwandishi wa riwaya na mtunzi wa vichekesho vya televisheni.

Kenule Beeson Saro-Wiwa alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1941 mjini Bori, katika eneo la Waogoni, upande wa mashariki wa delta ya Mto Niger. Eneo hilo lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,000, na katika miaka ya 1990 lilikadiriwa kuwa na watu nusu milioni. Ni nchi ya vijito na mikoko, ambako watu waliishi kwa kulima viazi vikuu na muhogo na kwa kuvua samaki. Waogoni wenyewe hawana lugha moja. Kuna Wakhana, Wagokana, Watai na Waeleme, na lugha zao, ingawa zina nasaba moja, zimetofautiana kiasi kwamba msemaji wa Kieleme haelewani kwa urahisi na msemaji wa Kikhana. Jambo hili lafaa kuwekwa akilini mapema, maana yule aliyekuja kusema kwa niaba ya Waogoni wote alilazimika kwanza kuwasadikisha kwamba wao ni watu wamoja.

Baba yake, Jim Wiwa, alikuwa chifu na pia askari wa misitu. Kijana akapelekwa katika Government College ya Umuahia, shule ambayo ilikuwa tayari imewapitisha Chinua Achebe, Christopher Okigbo na Elechi Amadi. Huko alijikuta miongoni mwa wanafunzi wa Kiigbo, akiwa mmoja wa Waogoni wachache mno, na Kiingereza ndicho kilichokuwa daraja baina yake na wenziwe. Kutoka Umuahia alikwenda Chuo Kikuu cha Ibadan, akasomea fasihi ya Kiingereza, akapenda sana uigizaji, na akahitimu mwaka 1965.

Miaka miwili baadaye vita vya Biafra vilizuka. Kwa Mwogoni, Biafra haikuwa ukombozi wa dhahiri kama ilivyokuwa kwa Mwigbo. Saro-Wiwa aliona kwamba kabila dogo lililokuwa chini ya makabila makubwa matatu katika shirikisho la Nijeria lingekuwa chini ya kabila kubwa moja ndani ya Biafra, na kwamba mafuta yaliyogunduliwa katika ardhi ya wachache yalikuwa sehemu ya kile kilichopiganiwa. Akaichagua serikali ya shirikisho, akavuka upande wa pili na kuteuliwa msimamizi wa bandari ya Bonny. Uamuzi huo haukusahauliwa na wengi miongoni mwa Waigbo, na kwa hakika ulimfuata hadi mwisho wa maisha yake. Hata hivyo haukuwa wa kigeugeu. Hoja iliyomfanya aikatae Biafra mwaka 1967 ndiyo hiyo hiyo aliyokuja kuielekeza dhidi ya Lagos na Abuja miaka ishirini na mitatu baadaye: kwamba haki ya mwenye ardhi haipaswi kupimwa kwa wingi wa kura zake.

Baada ya vita alikuwa kamishna katika serikali ya Jimbo la Rivers, na katika wadhifa huo alishughulikia elimu. Mwaka 1973 aliachishwa kazi, kwa sababu alikuwa akiwatetea Waogoni wapewe mamlaka yao. Akageukia biashara: duka la vyakula, majumba ya kupangisha, kisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Saros. Pesa hizo zina nafasi yake katika habari hii. Mwandishi asiyemtegemea mwajiri wala mchapishaji anaweza kusema mambo ambayo mwingine angeyameza, na Saro-Wiwa alijijengea uhuru huo kwa makusudi kabla hajautumia.

Mwaka 1985 ulikuwa mwaka wa mavuno. Ndipo zilipotoka diwani yake ya mashairi ya vita na riwaya ya Sozaboy, na ndipo televisheni ya taifa ilipoanza kuonyesha Basi and Company, mfululizo wa vichekesho kuhusu kijana wa Lagos anayetaka utajiri bila jasho. Mfululizo huo uliendelea hadi 1990, na ilikadiriwa kwamba ulitazamwa na watu milioni 30. Nijeria nzima ilimcheka Basi na njama zake za kupata mamilioni. Wachache walitambua kwamba walikuwa wakijicheka wenyewe, taifa lililokuwa limezoea kula pesa za mafuta bila kuuliza zilikotoka.

Sozaboy ndiyo kazi ambayo mwanafunzi wa isimujamii angeitamani zaidi. Msimulizi wake, Mene, ni kijana wa kijijini aliyeishia darasa la chini, anayejiunga na jeshi kwa sababu ya sare na sifa, kisha vita vinamrudisha nyumbani kama mzuka. Lugha anayoisimulia ni mchanganyiko wa pijini ya Nijeria, Kiingereza kilichovunjika, na mara chache Kiingereza fasaha kinachochomoza ghafla, na Saro-Wiwa mwenyewe aliiita lugha iliyooza. Haina kanuni thabiti, na hilo ndilo kusudio lake: mtu aliyenyimwa elimu ya kutosha na nchi yake anaisimulia nchi hiyo kwa vipande vya lugha ilivyompa. Katika mjadala wa lugha ya fasihi ya Kiafrika, uliowagawanya waandishi tangu mkutano wa Makerere wa 1962, Saro-Wiwa hakuwa upande wa Ngugi wa Thiong'o. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1992 alikitetea Kiingereza, na hakukubali kwamba kukitumia kulikuwa kumeitawala akili yake. Wasomaji wa Kiswahili wana haki ya kutokubaliana naye, maana wao wana lugha ya Kiafrika inayovuka mipaka ya makabila bila kuwa mali ya kabila moja kubwa. Mwogoni hakuwa nayo. Kihausa, Kiyoruba na Kiigbo, ambazo zilipendekezwa kuwa lugha za taifa, zote zilikuwa kwake lugha za wakubwa.

Mafuta yaligunduliwa Nijeria kwa wingi wa kibiashara huko Oloibiri mwaka 1956, na mwaka 1958 yakapatikana Bomu, katika kijiji cha Dere, nchini mwa Waogoni. Kampuni ya Shell ndiyo iliyoongoza uchimbaji. Mabomba yalilazwa juu ya ardhi, yakapita mashambani na kandokando ya nyumba. Gesi inayotoka pamoja na mafuta iliteketezwa hapo hapo usiku na mchana, hata watoto wa baadhi ya vijiji wakakua bila kujua usiku wa giza. Mwaka 1970, vita vilipokuwa vimekwisha tu, kisima cha Bomu kililipuka na mafuta yakafunika mashamba na vijito vya Dere. Mkulima ambaye shamba lake lilizama katika mafuta ghafi hakuwa na mlango wa kubisha. Sheria ya petroli ya mwaka 1969 ilikuwa imeyafanya mafuta yote kuwa mali ya serikali kuu, na amri ya ardhi ya 1978 ikaiweka ardhi yenyewe chini ya magavana. Wakati wa uhuru, nusu ya mapato ya madini ilirudi katika jimbo yalikotoka. Kufikia miaka ya 1980 mgawo huo ulikuwa umeshuka hadi asilimia 1.5. Makabila makubwa yalipokuwa na kakao, karanga na mawese, kanuni ilikuwa mwenye mali ale sehemu kubwa ya mali yake. Mali ilipokuwa ya wanyonge, kanuni ikabadilishwa.

Saro-Wiwa aliyajua haya yote kwa miaka mingi, na aliyaandika katika magazeti. Lakini hadi mwisho wa miaka ya 1980 aliyaeleza hasa kama dhuluma ya kikabila. Mwaka 1990 alizuru Marekani, na huko Colorado alikutana na kikundi cha raia waliokuwa wamepambana na kampuni ya kukata miti na kuilazimisha serikali iwasikilize. Ziara hiyo ilimfungua macho. Mtu akilia kwa ajili ya kabila lake, serikali humwita mchochezi wa ukabila na kelele zake huishia hapo. Akilia kwa ajili ya maji, hewa na udongo, kilio chake chaweza kusikiwa na mtu wa Geneva au wa Denver ambaye hajui Mwogoni ni nani. Wapo waliodai baadaye kwamba mazingira yalikuwa kwake kisingizio cha siasa ya kabila. Madai hayo yanasahau kwamba kwa mkulima wa Dere mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana, maana udongo ulioharibika ulikuwa udongo wa Waogoni, na uliharibika kwa sababu wenyewe hawakuwa na mtu katika vikao vya maamuzi.

Tarehe 26 Agosti 1990, wazee na viongozi wa Ogoni walikutana Bori na kuidhinisha Hati ya Haki za Waogoni. Hati hiyo ilieleza kwamba katika kipindi cha zaidi ya miaka 30 ardhi yao ilikuwa imelipatia taifa mapato yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 30, ilhali wao hawakuwa na maji ya bomba, umeme, ajira wala uwakilishi. Ilidai Waogoni wasimamie mambo yao wenyewe ndani ya shirikisho, watumie sehemu ya haki ya mali yao, waendeleze lugha zao, na wayalinde mazingira yao yasiharibiwe zaidi. Haikudai kujitenga. Ndipo MOSOP, yaani Vuguvugu la Uhai wa Watu wa Ogoni, lilipoundwa, rais wake akiwa Dkt. Garrick Leton na makamu wake Edward Kobani. Saro-Wiwa alikuwa msemaji wake.

Miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1990, wanakijiji wa Umuechem, ambao si Waogoni bali ni majirani zao Waetche, waliandamana dhidi ya Shell. Polisi waliitwa. Watu wapatao 80 waliuawa na nyumba 495 zikaharibiwa. Kila aliyepanga maandamano katika delta baada ya hapo alijua bei yake.

Kwa hiyo, MOSOP ilijengwa kwa subira. Haikuwa chama cha wanachama wenye kadi, bali mwavuli wa vyama: cha vijana, cha wanawake, cha walimu, cha wanafunzi, cha wataalamu, cha machifu, pamoja na baraza la makanisa. Kila kimoja kilikuwa na viongozi wake na mikutano yake, na kila kimoja kiliwafikia watu ambao vingine havikuwafikia. Wanawake, ambao ndio waliokwenda shambani na mtoni na hivyo ndio waliokuwa wa kwanza kuyaona madhara, walijitokeza kwa wingi. Mwezi Februari 1993 ulianzishwa mfuko ambao kila Mwogoni, mkubwa kwa mdogo, alitakiwa kuuchangia naira moja. Naira moja haikuweza kununua chochote cha maana wakati huo. Shabaha ya mfuko ilikuwa kumfanya kila mtu awe mwenye vuguvugu, hata mtoto wa mgongoni. Saro-Wiwa, mtu mfupi wa kimo aliyependa kiko chake, alizunguka kijiji kwa kijiji akieleza, na yule aliyeandikia dunia kwa Kiingereza aliwahutubia watu wake kwa Kikhana. Hapa alipata jibu la vitendo kwa swali la lugha ambalo makala zake hazikulimaliza: Kiingereza cha kuisema dhuluma nje, lugha ya mama ya kuwaamsha walio ndani.

Nje ya nchi alibisha milango mingi. Mashirika kadhaa makubwa ya mazingira yalimjibu awali kwamba shughuli zao hazikuhusu Afrika au hazikuhusu binadamu. Hakukata tamaa. Mwezi Julai 1992 alihutubia kikundi cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia watu wa asili, huko Geneva, na mwezi Januari 1993 Waogoni walipokelewa katika shirika la mataifa na watu wasiowakilishwa, lililokuwa na makao yake Uholanzi wakati huo. Mwaka 1992 pia alichapisha kitabu chake kuhusu masaibu ya Waogoni, alichokipa jina la mauaji ya kimbari. Jina hilo lilikuwa zito, na baadhi ya waliomuunga mkono waliliona limepita kiasi.

Tarehe 3 Desemba 1992 MOSOP iliziandikia Shell, Chevron na shirika la mafuta la taifa, ikidai dola bilioni 10 za mrabaha na fidia, na kuwapa siku 30. Serikali ilijibu kwa kupiga marufuku mikutano ya hadhara. Siku 30 zilipokwisha, tarehe 4 Januari 1993, Waogoni walitoka wakiwa na matawi mabichi mikononi. Ilikadiriwa kwamba watu 300,000 waliandamana katika vituo mbalimbali, zaidi ya nusu ya watu wote wa Ogoni, na siku hiyo haikumwagika damu. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa vuguvugu la mazingira barani Afrika lililotoa nje sehemu kubwa kiasi hicho ya watu wake kwa siku moja. Katika mwaka huo huo Shell iliondoa wafanyakazi wake katika ardhi ya Waogoni.

Amani ya siku hiyo haikudumu. Mwishoni mwa Aprili 1993, wakandarasi wa bomba jipya walifyeka mazao ya wanakijiji huko Biara chini ya ulinzi wa askari. Wanawake walipozuia matingatinga, risasi zilipigwa. Watu kumi na mmoja walijeruhiwa, na mama mmoja akapoteza mkono. Katika miezi iliyofuata vijiji vya Ogoni vilishambuliwa kwa silaha nzito. Serikali iliyaita mashambulizi hayo mapigano ya kikabila na majirani, lakini uchunguzi wa watetezi wa haki za binadamu ulionyesha mkono wa jeshi ndani yake.

Hapa ndipo maisha ya Saro-Wiwa yanapohitaji kusomwa kwa makini kuliko kwa mapenzi. Uchaguzi wa rais ulipangwa kufanyika tarehe 12 Juni 1993. Saro-Wiwa alitaka Waogoni wasusie, kwa hoja kwamba kumpigia kura mtu atakayeapa kuilinda katiba iliyowanyang'anya mali ni kuubariki unyang'anyi huo. Leton na Kobani waliona kwamba kususia kutawapa wanajeshi sababu ya kuwaponda na kutawanyima Waogoni marafiki katika serikali mpya. Kamati tendaji ikapiga kura: kumi na mmoja walitaka kususia, sita walipinga. Leton na Kobani wakajiuzulu, na Saro-Wiwa akawa rais wa MOSOP. Siku chache baada ya uchaguzi alikamatwa, akazuiliwa kwa mwezi mmoja na siku moja, na shajara ya kifungo hicho ikachapishwa baada ya kifo chake.

Uchaguzi wenyewe ulifutwa na wanajeshi, na mwezi Novemba Jenerali Sani Abacha akatwaa madaraka. Mtu anaweza kusema kwamba matukio yalimwondolea Saro-Wiwa lawama ya kususia. Hayakumwondolea lawama ya namna mgawanyiko ulivyoshughulikiwa. Wazee waliojitenga walitajwa mikutanoni kuwa wasaliti waliolipwa, na vijana, ambao walikuwa wamepata nguvu wasiyowahi kuwa nayo mbele ya machifu, waliyachukua maneno hayo kwa uzito wake wote. Saro-Wiwa alihubiri mapambano yasiyo ya umwagaji damu, na hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba aliwahi kuhubiri kinyume. Lakini vuguvugu lililokua kutoka kikao cha wazee hadi umati wa laki tatu katika miaka miwili na nusu lilikuwa limekua haraka kuliko taratibu zake za kusuluhisha ugomvi wa ndani, na kiongozi wake alikuwa hodari zaidi wa kuhamasisha kuliko kupatanisha.

Tarehe 21 Mei 1994, wazee kadhaa walikuwa wakikutana Giokoo, katika eneo la Gokana. Siku hiyo Saro-Wiwa alitaka kuhutubia mikutano huko akazuiwa na askari barabarani na kurudishwa. Umati uliuvamia mkutano wa Giokoo na kuwaua wazee wanne: Edward Kobani, Albert Badey, Samuel Orage na Theophilus Orage. Kobani alikuwa rafiki wa Saro-Wiwa wa miaka mingi, na akina Orage walikuwa jamaa za mkewe. Kesho yake Saro-Wiwa akakamatwa. Gavana wa kijeshi alitangaza kwamba MOSOP ndiyo iliyoua, kabla uchunguzi wowote haujafanyika, na kikosi maalumu cha usalama kikaingia vijijini kikipiga, kikichoma na kubaka.

Kesi ilianza mwaka 1995 mbele ya mahakama maalumu iliyoundwa kwa amri ya serikali, yenye afisa wa jeshi miongoni mwa waamuzi, na isiyoruhusu rufaa katika mahakama ya juu. Saro-Wiwa hakushtakiwa kwa kuua kwa mkono wake bali kwa kuwachochea waliofanya hivyo. Mashahidi wawili muhimu wa mashtaka waliapa baadaye kwamba walikuwa wamehongwa. Wakili Gani Fawehinmi na wenzake walijiondoa kwa sababu hawakuona namna ya kupata haki mahali pale. Michael Birnbaum, wakili Mwingereza aliyehudhuria sehemu ya kesi, aliandika ripoti iliyoonyesha kwamba haikutimiza masharti ya kesi ya haki.

Akiwa kizuizini Saro-Wiwa aliendelea kuandika. Barua zake kwa Majella McCarron, mtawa wa Ireland aliyekuwa amefanya kazi Nijeria, zilitolewa kwa siri ndani ya vikapu vya mkate. Barua 28 na mashairi 27 yamehifadhiwa katika chuo kikuu cha Maynooth. Ndani yake mna mipango ya harakati, mabishano kuhusu pesa za vuguvugu, na mzaha wa mtu ambaye hakuacha kuwa mtunzi wa vichekesho. Mwaka 1994 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood, na mwaka 1995 Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Wangari Maathai wa Kenya alikuwa amezipata tuzo hizo hizo mbili, mwaka 1984 na 1991. Wawili hao walitumia njia tofauti, mmoja miche na mwingine maandamano, lakini walikuwa wamegundua jambo moja: chini ya utawala unaoviua vyama vya siasa, kikundi cha kutetea miti au mto huweza kuwa mahali pa mwisho ambapo raia hujifunza kukutana, kupiga kura na kudai.

Hukumu ilitolewa mwishoni mwa Oktoba 1995. Kati ya washtakiwa kumi na watano, tisa walihukumiwa kifo na sita wakaachiliwa, akiwamo Ledum Mitee, makamu wa rais wa MOSOP. Baraza la kijeshi liliithibitisha hukumu tarehe 8 Novemba. Tarehe 10 Novemba Saro-Wiwa alinyongwa pamoja na Barinem Kiobel, John Kpuinen, Baribor Bera, Saturday Dobee, Nordu Eawo, Daniel Gbooko, Paul Levera na Felix Nuate. Viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa wakikutana Auckland siku hizo, na waliisimamisha Nijeria uanachama hadi 1999.

Waogoni wengi walikimbilia Benin na nchi nyinginezo. MOSOP haikufa, ingawa ilidhoofishwa na mivutano ya uongozi, na Mitee aliishika kwa miaka mingi. Mfano wake ulifuatwa na wengine katika delta: mwezi Desemba 1998 vijana wa Kiijaw walikutana Kaiama na kutoa azimio lao, ambalo linawiana sana na hati ya Waogoni. Katiba ya 1999 iliongeza mgawo wa majimbo yenye mafuta hadi usiopungua asilimia 13. Familia za walionyongwa ziliishtaki Shell huko New York mwaka 1996, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 15.5 bila kukiri kosa. Watu wa Bodo, waliomwagikiwa na mafuta mwaka 2008, walipata fidia ya pauni milioni 55 mwaka 2015 baada ya kushtaki London.

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2011, ilikuta katika visima vya Nisisioken Ogale, upande wa Eleme, kemikali ya benzini inayosababisha saratani kwa kiwango kilichozidi mara 900 kile kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ilikadiria kwamba kuisafisha ardhi ya Waogoni kungechukua miaka 25 hadi 30, na ikapendekeza dola bilioni moja za kuanzia. Kazi ilizinduliwa rasmi mwaka 2016 na ikasonga polepole. Mwaka 2015 sanamu ya basi la chuma, iliyotengenezwa na Sokari Douglas Camp kwa kumbukumbu ya Saro-Wiwa na wenzake, ilipelekwa Nijeria kutoka Uingereza, ikazuiliwa na maofisa wa forodha katika bandari ya Lagos.

Tarehe 12 Juni 2025 Rais Bola Tinubu aliwasamehe wale tisa na kuwatunuku nishani za taifa, na baadaye mwaka huo wazee wanne waliouawa Giokoo nao wakatunukiwa. Wanaharakati wengi wa Ogoni waliupokea msamaha huo kwa shingo upande, kwa kuwa anayesamehewa ni mkosaji, na walichokuwa wakikidai tangu 1995 ni kufutwa kwa hukumu yenyewe. Katika mwaka huo huo serikali ilikuwa katika mazungumzo na viongozi wa Ogoni kuhusu kuanza tena kuchimba mafuta ambayo uchimbaji wake ulikuwa umesimama tangu 1993.